Kumpa Kijana Kidonge Kisha Kumwacha

Kuna neno linazunguka kambini na mimi nimelichoka. Utalisikia bombani, utalisikia kwenye foleni ya posho, utalisikia hata nje ya kanisa watu wakitoka ibadani: "Ile dawa ya mawazo inawapa vijana roho ya ugomvi." Kijana akimpiga mwenzake uwanjani, ni dawa. Akimjibu mama yake vibaya, ni dawa. Akivunja mlango wa jirani usiku, hakuna anayeuliza alikuwa amekunywa nini, wala amelala njaa siku ngapi. Watu wanauliza tu: "Si ni huyu anaenda kwa dokta wa akili?" Kesi imekwisha.

Kuna na neno la pili. Hili linasemwa kwa sauti ya chini, na watu wenye vitambulisho shingoni. Ukiwauliza kama ni kweli dawa hizi zinaweza kumfanya kijana akawa mkali, jibu ni: "Hayo ni maneno ya mtaani. Mwambie aendelee kumeza." Na hapo pia kesi imekwisha.

Mimi nafanya kazi na vijana. Si dokta, nimemaliza sekondari tu, na insentivu ninayopata kila mtu hapa anaijua. Lakini vijana wanaomeza dawa hizo nakaa nao, nacheza nao mpira, naandaa nao maigizo, na wakikosana ni mimi naitwa. Kwa hiyo nimetafuta kujua. Nimeuliza wauguzi wenye subira, nimesoma kwenye simu usiku bando ikiwa bei rahisi. Na ninachosema ni hiki: majibu yote mawili ni ya uvivu, na uvivu huo unawaumiza vijana wetu. Dawa za sonona zinawasaidia watu wengi. Kwa vijana wachache, hasa wiki za mwanzo, au kipimo kinapobadilishwa, au dawa inapokatika ghafla, zinaweza kuleta kutotulia na ukali. Hilo halijafichwa, limeandikwa. Hatari kubwa hapa kwetu haimo ndani ya kidonge. Ni kumpa kijana kidonge kisha kumwacha peke yake nacho.

Kwanza tuelewane tunaongelea dawa gani. Hapa kila kidonge kinachotoka chumba cha afya ya akili kinaitwa "dawa ya mawazo", au kwa wasio na adabu, "dawa ya wazimu". Kumbe ndani ya vile vimfuko kuna vitu tofauti kabisa. Kuna fluoksetini na amitriptilini: hizo ndizo dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mtu hali, halali, hana hamu ya chochote. Kuna haloperidoli na klopromazini, za mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii. Kuna kabamazepini na fenobabitoni, za kifafa. Kuna diazepamu, ambayo wengi wanaiita valiamu, ya kutuliza.

Kila moja ina tabia yake. Haloperidoli inajulikana kuleta hali inayoitwa akathizia: mtu hawezi kukaa, anatembea huku na huku, miguu inacheza yenyewe, ndani anahisi kama anaungua. Mtu wa hali hiyo ukimgusa bega tu anaweza kukurukia. Dawa za sonona nazo zinaweza kuleta akathizia, ila si mara nyingi hivyo. Diazepamu kwa watu wachache inafanya kinyume cha kazi yake: badala ya kumtuliza mtu inamlegezea breki, na akichanganya na kanyanga ni hatari zaidi.

Kwa hiyo mama anaponiambia, "Mutoto wangu alikuwa mupole, ile dawa imemugeuza," mimi simbishii na pia sisemi ndiyo. Nauliza: "Mama, dawa gani?" Ananiletea kimfuko. Kimeandikwa 1x1, basi. Hakuna jina. Huyu mama anaambiwa ni mshamba, anaamini uvumi. Lakini nani amempa kitu kingine cha kuamini? Mtu ambaye hajui hata jina la anachomeza mwanawe, unategemea aseme nini bombani?

Na msidhani swali hili ni la wakimbizi wasiosoma. Limeulizwa Marekani kabla mimi sijazaliwa. Fluoksetini ilianza kuuzwa huko mwanzoni mwa 1988 kwa jina la Prozac. Mwezi wa tisa 1989, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapishaji aliingia kazini na bunduki, akaua watu 8, akajeruhi 12, kisha akajiua. Alikuwa ameanza dawa hiyo muda mfupi kabla. Familia zilishtaki kampuni ya Eli Lilly. Mwaka 1994 juri ilisema kampuni haina hatia. Baadaye ikajulikana kwamba pande mbili zilikuwa zimepatana kwa siri kabla juri haijaamua, na jaji mwenyewe ndiye aliyehangaika mpaka jambo hilo likatoka nje. Je, kesi ile inathibitisha kwamba dawa ndiyo iliua? Hapana. Mtu yule alikuwa mgonjwa miaka mingi na alikuwa na chuki ya zamani na kazi yake. Ila inaonyesha kwa nini watu hawaamini haraka wanaposikia "dawa ni salama kabisa". Mwaka 2001, katika jimbo la Wyoming, juri nyingine iliamua kwamba dawa ya jamii hiyohiyo, Paxil, ilichangia baba mmoja kuua watu wa familia yake na kujiua, siku mbili tu baada ya kuianza, na kampuni ikaamriwa kulipa dola milioni 6.4.

Mahakama si maabara, sawa. Basi twende kwa wanaopima. Mwaka 2004, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikusanya majaribio 24 yaliyofanywa kwa watoto na vijana zaidi ya 4,400. Katika kila vijana 100 waliopewa dawa ya kweli, kama 4 walipata mawazo au vitendo vya kutaka kujidhuru. Kwa waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, walikuwa kama 2. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Lakini mamlaka ile iliagiza onyo liwekwe ndani ya fremu nyeusi kwenye karatasi ya dawa, na mwaka 2007 onyo likapandishwa mpaka umri wa miaka 24. Karatasi hiyohiyo inataja dalili ambazo familia inatakiwa kuziangalia: kukosa usingizi, kutotulia, kukasirika haraka, uhasama, ukali, kufanya jambo bila kufikiri. Someni tena orodha hiyo, ninyi mnaosema ni maneno ya mtaani. Ukali umeandikwa na wenye dawa wenyewe.

Mwaka 2016, watafiti wa Denmark walipitia ripoti ndefu za majaribio 70 ya dawa tano za sonona, watu zaidi ya 18,000. Kwa watoto na vijana wadogo, vitendo vya ukali viliongezeka zaidi ya mara mbili ukilinganisha na kidonge kitupu. Kwa watu wazima hawakuona ongezeko. Mwaka mmoja nyuma, watafiti wengine walikuwa wamechukua kumbukumbu za Uswidi za mwaka 2006 mpaka 2009, watu zaidi ya 850,000 waliokuwa wanatumia dawa za jamii ya fluoksetini. Hawakulinganisha mtu na jirani yake. Walimlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe, kipindi anameza na kipindi hamezi. Kwa wenye miaka 15 mpaka 24, kupatikana na hatia ya kosa la vurugu kulipanda kwa asilimia kama 43 kipindi cha dawa. Kwa wenye miaka 25 na kuendelea hawakuona ongezeko la wazi. Na watafiti wenyewe walisema hii bado haithibitishi kwamba dawa ndiyo sababu. Inawezekana watu walienda kuchukua dawa wakati ugonjwa umewazidi, au walikuwa kwenye kipimo kidogo kisichotosha kutibu.

Asilimia 43 inatisha, najua. Ila ieleweke ni asilimia 43 ya nini. Katika wale wote waliotumia dawa Uswidi, waliopatikana na hatia ya vurugu walikuwa kama mtu 1 katika 100. Kitu kidogo kikiongezeka karibu nusu, bado ni kidogo. Si kwamba kila kijana anayemeza atageuka simba. Maana yake ni kwamba katika kundi la vijana wengi wanaomeza, kuna wawili watatu ambao wanahitaji jicho la karibu, na hutawajua ni akina nani kama huwaangalii wote.

Na kuna upande ambao mtaani hausemwi kamwe: dawa hizi zinaweza pia kupunguza ukali. Mwaka 2009 huko Marekani, daktari Emil Coccaro na wenzake walichapisha jaribio la fluoksetini kwa watu 100 wenye tatizo la kulipuka kwa hasira, wale ambao neno dogo tu linawafanya warushe viti. Waliopewa dawa walipungua hasira kuliko waliopewa kidonge kitupu. Kidonge kilekile, mtu tofauti, matokeo tofauti. Ndiyo maana nakasirika nikisikia "dawa inafanya hivi" au "dawa haifanyi hivi", kama vile tunaongelea mvua inayotunyeshea wote sawa.

Sasa niwageukie watu wangu, wakimbizi wenzangu, maana na sisi tuna la kujibu.

Ndugu zangu, hasira ya vijana hapa haihitaji kidonge. Mtoto amekuja amebebwa mgongoni, sasa ana miaka 19. Hawezi kutoka nje ya kambi bila kibali. Cheti cha shule anacho, kazi hana. Posho ikipunguzwa, yeye ndiye anaambiwa "wewe ni mkubwa, waachie wadogo". Usiku anaota aliyoyaona Fizi au Bujumbura. Halafu akigombana mnasema ni dawa! Tena kwa vijana, sonona yenyewe mara nyingi haiji na machozi. Inaja na ukali. Wazee wamezoea kwamba mwenye huzuni analia na kukaa pembeni. Mvulana wa miaka 16 mwenye huzuni anaweza kuwa yule anayetukana kila mtu na kupiga ngumi ukuta. Kwa hiyo mnapoona amekuwa mkali wakati anameza dawa, yawezekana ni dawa, yawezekana ni ugonjwa uleule ambao dawa haijaufikia bado. Dawa hizi zinachukua wiki kadhaa mpaka kufanya kazi. Kutofautisha hayo mawili si kazi ya bombani.

Na mnachofanya baada ya kusema "ni dawa" ndicho kinanitisha zaidi. Mnazitupa chooni. Nimeona mama akifanya hivyo kwa mapenzi kabisa, baada ya kuambiwa kwenye chumba cha maombi kwamba imani na vidonge havikai nyumba moja. Ombeni, sikatazi, na mimi naomba. Lakini dawa ya sonona ikikatwa ghafla mwili unalalamika: kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, wasiwasi, na kukasirika hovyo. Miongozo inasema ipunguzwe taratibu, angalau wiki nne. Mnapoikata siku moja, mnaweza kuleta ukali uleule mliokuwa mnaukimbia, halafu mkasema: "Mnaona? Ile dawa ilikuwa imeshaingia kwenye damu."

Halafu kuna akina baba. Hili nalisema bila kuzunguka. Nimemsikia mwanaume wa zaidi ya miaka 40, amempiga mke wake mpaka jicho limefunga, anasimama mbele ya wazee wa zoni anasema: "Si miye, ni dawa za mawazo." Na wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Tafiti zile zilizoonyesha ongezeko kwa vijana hazikulionyesha kwa watu wa umri wako, mzee. Kama kweli unahisi dawa inakubadilisha, kawaambie waliokupa, leo, kabla ya kurudi nyumbani. Lakini kama ulikuwa unampiga na kabla hujaanza dawa, basi tafuta kisingizio kingine. Mwenye kulindwa pale ni mama, na uvumi huu unamnyima hata hilo.

Na vijana nao uvumi unawafunga. Kitu kikiibiwa, sungusungu wanaanzia kwa yule anayeonekana kwenye foleni ya chumba cha akili. Nina vijana wawili katika kikundi changu ambao wameacha kwenda kuchukua dawa. Hazikuwadhuru. Wameacha kwa sababu foleni inaonekana kutoka barabarani, na kila anayepita anahesabu nani yupo. Watu wenye magonjwa ya akili wanaumizwa na wengine mara nyingi zaidi kuliko wao wanavyoumiza watu. Mngeona jinsi wanavyotaniwa na kurushiwa vijiwe, msingebisha.

Sasa zamu yenu, wenzangu mnaokuja asubuhi na magari meupe na kuondoka kabla ya saa kumi na moja. Nawaheshimu. Najua mpo wachache na kadi za wagonjwa ni nyingi. Lakini mwongozo mnaoutumia ninyi wenyewe, ule uliotolewa mwaka 2015 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR kwa ajili ya mahali kama hapa, unasema nini? Unasema mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe dawa za sonona. Unasema kijana wa 12 mpaka 18 aanze na msaada wa mazungumzo na wa kijamii, na kama hali haibadiliki ndipo fluoksetini ifikiriwe, si amitriptilini. Unashauri kijana akianza aonwe kila wiki, inapowezekana, kwa mwezi wa kwanza. Unasema mfiwa na aliyetoka kwenye msiba mkubwa asikimbiziwe vidonge. Unasema muulizwe kama mgonjwa amewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, haongei ila kupayuka, halali na hachoki, kwa sababu mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa wazimu.

Ni maneno mazuri. Sasa tuone kinachofanyika. Kijana anaingia, dakika tano, mkalimani ni mtoto wa jirani yake kwa hiyo hasemi lolote la ndani, anatoka na vidonge vya mwezi mzima, "rudi tarehe fulani". Hakuna anayemwona wiki ya kwanza, na hakuna aliyemwambia shangazi yake anayelala naye nyumba moja aangalie nini.

Nitoe mifano miwili, bila majina. Kijana mmoja wa miaka 17 aliyekuwa kwenye kikundi chetu cha maigizo alianza fluoksetini. Wiki ya pili alikuwa hawezi kukaa kwenye mazoezi. Anasimama, anakaa, anatoka nje, anarudi. Alimkaba mwenzake kwa sababu ya kiti. Nilienda na shangazi yake kliniki, tukaeleza siku ilipoanza na inavyokuwa. Kwa bahati tulimpata dokta mwenye kusikiliza. Alipunguza kipimo, akamtaka arudi kila Jumanne. Baada ya wiki tatu yule kijana alikuwa anaigiza tena, na sonona imepungua. Je, dawa ilimletea ukali? Naamini ndiyo. Je, ilibidi itupwe? Hapana. Ilibidi mtu amwone.

Mfano wa pili ni kijana wa miaka 20, kwenye amitriptilini miezi sita, anaendelea vizuri, anauza maandazi. Siku moja anaambiwa dirishani: "Zimeisha, jaribu wiki ijayo." Wiki ijayo, hivyo hivyo. Zilikaa karibu mwezi. Hakulala, kichwa kinazunguka, akapigana sokoni mara mbili na mtaji ukaishia kwenye faini. Mtaa wote ukasema dawa zimemharibu. Dawa gani? Alikuwa hana dawa! Kilichomharibu ni dirisha. Lakini dirisha halitajwi kwenye kesi za sokoni.

Mtaniambia bajeti imekatwa. Najua imekatwa, tunaiona kwenye sahani. Ila si kila kitu ninachoomba kinataka pesa. Kuandika jina la dawa kwenye kimfuko kunataka kalamu. Kumwita mzazi ndani dakika tatu mtoto akianza dawa, kwa ruhusa ya mtoto, hakutaki ndege. Dawa ikianza kupungua stoo, mnajua wiki mbili kabla. Tuambieni, ili walio kwenye dawa wapunguziwe taratibu, wasikatwe kama umeme.

Na mazungumzo pia ni tiba, tusijidanganye kwamba ni ya wazungu au ya wenye hospitali kubwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwetu kabisa, mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono wakati wa vita. Walioendesha vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa kulekule, waliofundishwa. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi katika kundi la tiba walikuwa asilimia 9. Kwa wale waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, asilimia 42. Hao ni mama zetu na dada zetu, si watu wa kwenye kitabu.

Lakini sitaki kuuza mazungumzo kama uchawi mwingine. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2005, katika kambi mbili za watu waliokimbia vita, vijana wa miaka 14 mpaka 17 wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi vya mazungumzo. Wasichana walipata nafuu kubwa. Wavulana hawakuonyesha tofauti ya maana. Mtu yeyote anayefanya kazi na wavulana hashangai. Ukiwakalisha duara na kuwaambia "tueleze unajisikiaje", watatazama viatu. Wanaongea wakifanya kitu: wakitengeneza baiskeli, wakitoka mazoezini, wakibeba maji. Na hao hao ndio tunaowaogopa wakiwa wakali, na ndio wanaopewa vidonge vya mwezi mzima bila mtu wa kuwafuata. Basi tutumieni sisi tulio nao kila siku. Tusipewe kugawa dawa, hatutaki, si kazi yetu. Tufundishwe dalili tano sita: kutotulia kwa ghafla, kutolala, hasira isiyo ya kawaida yake, maneno ya kutaka kufa, kuchangamka kupita kiasi. Na tupewe mtu mmoja wa kumpigia simu ambaye atapokea.

Wapo watakaosema nimewapa wenye uvumi silaha kwa kukubali kwamba dawa zinaweza kuleta ukali. Nimeisikia hoja hiyo kwenye mkutano: "Usiwaambie, watatupa dawa." Mimi naona kinyume. Mzazi aliyeambiwa mapema, "wiki mbili za kwanza anaweza kukosa utulivu, ukiona hivi na hivi njoo," akiona atakuja. Mzazi ambaye hakuambiwa akiona anakimbilia choo, na kila jirani atamwunga mkono. Uvumi umekua kwa sababu watu waliona kitu kwa macho yao na wakaambiwa hawakukiona.

Kwa hiyo, mzazi, mlezi, kaka mkubwa: kama nyumbani kwako kuna kijana anayemeza dawa ya mawazo, usiitupe na usimkatishe. Ijue jina lake. Iweke mbali na wadogo, maana amitriptilini nyingi kwa mara moja inaua. Andika tarehe aliyoanza, na ukiona amebadilika, andika siku na alichofanya, nenda nayo kliniki, usikubali kurudishwa na "aendelee kumeza" kabla hawajasoma ulichoandika. Akitaja kufa, usingoje tarehe ya kadi, nenda naye saa hiyohiyo. Ukiogopa kwenda peke yako, sisi wa kituo cha vijana tupo kuanzia saa tatu asubuhi, tutakusindikiza.

Na ninyi wa kliniki, Jumatatu kutakuwa na foleni kama kawaida. Katika foleni hiyo kutakuwa na kijana wa miaka 16 au 18 anayeanza dawa kwa mara ya kwanza. Mwandikieni jina la dawa, muiteni aliyemleta, na mpangieni arudi Jumatatu inayofuata.